Begi Langu Lilivyozunguka Mito Mitatu

Akina mama wa chama, naandika hii kwa sababu nimechoka kuisimulia mlangoni mwa kanisa, kila Jumapili kipande, na kila mmoja wenu anaondoka na kipande chake. Juzi nimesikia ati nilifukuzwa Bungoma. Sikufukuzwa. Mwingine anasema ni mimi niliyemfukuza mkwe wangu kwake. Hiyo nayo ngojeni niieleze vizuri, maana ina ukweli kidogo.

Mnakumbuka nilivyotoka hapa Kitale. Njeri, kitinda mimba wangu, alikuwa amebakisha wiki mbili hivi ajifungue mtoto wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba mjukuu huyo nitampokea kwa mikono yangu. Wale wa kaka yake walizaliwa Nairobi, nikaja kuwaona wakiwa tayari na meno. Kwa hivyo nilipakia begi langu kubwa: leso nne, unga wa uji, njahi, yale maharagwe meusi, za kumrudishia mzazi damu, na nguo zangu za mwezi mzima. Shida ni kwamba hakuna aliyeniambia nije nikae. Nilipomuuliza Njeri kwa simu kama nitalala kwao, alisema, "Njoo tu Mama, tutaona." Hiyo "tutaona" ndiyo niliyosafiri nayo.

Mkwe wangu Wafula ni mwalimu wa shule ya upili, Mbukusu wa Kanduyi, huko Bungoma. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku walipoleta mahari, na hata siku hiyo alikaa nyuma ya hema kana kwamba si yeye anayeoa. Nilidhani ni haya.

Kitale hadi Ndalu

Nasimiyu alinifikia saa kumi na mbili asubuhi na Probox yake. Huyu ni dada mkubwa wa Wafula, anauza mboga Chwele, anaendesha gari mwenyewe na anaongea bila kuvuta pumzi. Alinikumbatia, akatupa begi nyuma, kisha akanieleza kwamba leo hatuendi moja kwa moja. Ati Njeri amesema nimeishi karibu na Nzoia maisha yangu yote na sijawahi kuona maji yake yanakoangukia. Kwa hivyo leo natembezwa kama mgeni: Webuye, Malakisi, hadi Lwakhakha mpakani, miji ya mtoni yote, halafu jioni ndiyo tufike kwa Njeri.

Nikamwambia sikuvaa nguo za kutembea, nimevaa za kupika uji. Akacheka, akawasha gari. Mimi nami, kwa kuwa napenda kutembezwa, nikafunga mkanda. Lakini moyoni nilijiuliza: mtu ana mke wa kujifungua leo kesho, halafu mama mkwe wake anapelekwa kutazama maji?

Kwanza tukakata kona kwenda Ndalu, Nasimiyu achukue kabichi. Mwenye kabichi hakuwepo. Alikuwa ameenda mkutano wa wazazi shuleni, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake. Tulikaa kibandani saa mbili nzima tukinywa chai ya maziwa na viazi vitamu, na siwadanganyi, viazi vile vilikuwa vitamu hadi nikasahau kulalamika.

Mama mwenye kibanda aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia kwa binti yangu Kanduyi, anajifungua. Akanipongeza. Akauliza nitakaa siku ngapi, nikasema labda mwezi.

"Mwezi?" akasema. "Kwa mkwe?"

Akamtazama Nasimiyu. Nasimiyu akatazama chai yake. Yule mama akaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi. Nikaliweka hilo moyoni, na mnajua nikiweka kitu moyoni hakikai kimya.

Mwenye kabichi aliporudi, alijaza gari hadi kwenye dari. Begi langu likazikwa chini kabisa, na njahi zangu ndani yake.

Webuye, kwenye maporomoko ya Nzoia

Wafula alitungoja Webuye na pikipiki yake. Sasa, mimi si mgeni wa Wabukusu. Nimeshona na kuuza sare za shule hapa Kitale miaka thelathini, nusu ya wateja wangu ni wao. Najua mama mkwe hapewi mkono. Kwa hivyo nilishuka garini, nikaficha mikono yangu yote miwili mgongoni, nikamwendea nimsalimie kwa mdomo tu, kama mtu aliyelelewa.

Akarudi nyuma. Nikadhani anapisha gari. Nikasogea, akarudi nyuma tena. Akavua kofia yake ya pikipiki, akainamisha kichwa, akasema "Mulembe, Mama" akitazama mtaro. Nikasogea nimjibu, akazunguka pikipiki. Nami nikaizunguka. Tulifanya mzunguko mzima pale kando ya barabara kuu, mimi nikiwa na mikono mgongoni, watu wa duka wakitoka nje kuona, hadi Nasimiyu akanishika bega akasema, "Si umwache tu, Mama. Amesalimia."

Tukateremka kwenda kwenye maporomoko. Wafula alitangulia hatua ishirini mbele na hakugeuka hata mara moja. Lakini maji yale, akina mama, mkipata nafasi nendeni. Nzoia ile ile tunayoiona huku juu ikipita polepole na mashamba yake, kumbe ikifika pale inajitupa kwenye mawe kwa kelele hadi huwezi kusikia hasira yako mwenyewe. Nilifurahi kama mtoto. Nikavua viatu, nikaanza kuruka mawe nikaone vizuri, na goti langu mnalijua.

Jiwe la nne likanikatalia. Mbele maji, nyuma maji, goti limekaza. Nasimiyu alikuwa amebaki nyuma anaongea na simu. Aliyekuwa karibu ni Wafula. Alikuja mbio hadi hatua tatu kutoka niliposimama, akasimama kama amegonga ukuta. Nikanyoosha mkono. Wakati huo sikuwa na habari ya mila, nilikuwa na habari ya maji. Akautazama mkono wangu kama sufuria ya moto. Kisha akakimbia kwenye pikipiki, akarudi na ule mpira mweusi mrefu wa kufungia mizigo, akanirushia ncha moja.

"Shika, Mama," akasema, uso wake ukiwa umegeukia upande wa pili kabisa.

Nikashika. Akanivuta. Mimi, mama mzima, mwenyekiti wa chama, nilitolewa mtoni kwa mpira kama ng'ombe wa kupelekwa josho. Wanawake waliokuwa wakifua nguo chini walisema kitu kwa Kibukusu na wakatikisa vichwa. Nilidhani wananicheka. Nasimiyu akasema wanamsifu Wafula, nikaona sasa huyu ananichezea akili.

Tulikula hoteli moja karibu na barabara. Wafula ndiye aliyeagiza: kuku mzima wa kienyeji, ugali wa wimbi, na mboga ya mrenda. Halafu akachukua sahani yake, akaenda kula nje amesimama nyuma ya pikipiki, mgongo wake ukielekea dirisha letu. Nikamuuliza Nasimiyu waziwazi kama kaka yake ananichukia.

"Hapana, Mama. Hiyo ni heshima bana."

Heshima gani ya kumpa mtu mgongo? Nilikasirika sana, lakini nilikasirika nikiwa na paja mkononi, maana kuku yule alikuwa amepikwa na mtu anayejua. Nililimaliza paja, nikamaliza na shingo.

Kanduyi, bila kusimama

Wafula akatangulia na pikipiki akapotea. Sisi tukafuata barabara kuu. Tulipokaribia Kanduyi nikaanza kujitengeneza kitambaa cha kichwa, nikapaka mafuta midomo, nikatafuta maneno ya kumwambia Njeri. Tukapita maduka. Tukapita uwanja wa michezo. Nasimiyu hakupunguza hata gia.

Nikamwambia tumepita. Akasema anajua. Akakohoa, akasema, "Nyumba haijakuwa tayari, Mama."

Nyumba gani haijakuwa tayari? Si mtoto wangu yuko ndani yake, analala humo kila siku? Nikampigia Njeri. Akasema nitembee kwanza, jua bado lipo. Nyuma yake nikasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni na sauti ya mwanamume ikihema. Nikauliza ni nini hicho. "Ni Wafula, Mama. Tutaongea jioni." Akakata.

Basi nikajumlisha. Mama wa kibanda aliyeshtuka, mkwe anayenikimbia, na sasa samani zinaburutwa. Nikaona wazi kwamba wanaondoa kitanda cha wageni ili jioni waniambie, pole Mama, hakuna pa kulala. Ningerudi Kitale na njahi zangu, na mjukuu wangu angezaliwa nikiambiwa kwa simu, kama wale wa Nairobi. Mnajua mimi silii ovyo. Nililia kutoka Kanduyi hadi karibu na Malakisi. Nasimiyu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakuongea.

Malakisi

Kilichonikausha machozi ni kabichi. Tulisimama karibu na daraja la mto Malakisi ili Nasimiyu amwachie mteja wake kabichi chache, na mteja akaanza kusema ni ndogo. Ndogo! Kabichi za Ndalu! Nilishuka nikiwa bado na makamasi, nikaichukua moja nikaipiga kofi, nikamwonyesha inavyolia, nikamwambia kabichi ya hewa hailii hivyo. Akachukua kumi. Jirani yake akaja kuuliza ni nini kinapigwa.

Basi nikasahau shida zangu. Tulikaa pale saa nzima, mimi juu ya debe nikipiga kabichi, watu wakivuka daraja na kusimama, maji yakipita chini taratibu, Mlima Elgon umekaa kule nyuma na mawingu yake. Mzee mmoja alinisalimia kwa Kibukusu, nikamjibu kwa maneno yangu manne ninayoyajua, akadhani nayajua yote, akanieleza habari ndefu sana kwa uchungu mwingi. Mimi nikaitikia tu. Alipoondoka aliniombea baraka, na hadi leo sijui nilikubali nini.

Kabichi ziliisha zote. Begi langu likaonekana tena, limebonyea katikati. Mama mmoja akalibinya akauliza kama hizo njahi nazo ni za kuuza. Nikamwambia hizo ni za mzazi. Nilipolisema hilo, uchungu ukanirudia wote.

Lwakhakha

Lwakhakha ni mji uliokaa mguu mmoja huku, mguu mwingine Uganda, mto uko katikati. Mto wenyewe si mkubwa, mvua ikiwa mbali unaona mawe yake, lakini daraja halipumziki. Baiskeli zenye ndizi, wanawake wenye mabunda ya nguo, mtu na kioo cha kabati mgongoni, kila mtu anavuka kama anavuka kwenda jikoni kwake.

Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja wa upande wa Uganda anayeuza chapati ya kuviringishwa na mayai, wenyewe wanaiita roleksi. Alipokuja kunisalimia, akapiga magoti mbele yangu. Mimi nikadhani ameteleza. Nikamdaka makwapani nimwinue, naye akazidi kushuka, nami nikazidi kumvuta, hadi roleksi yangu ikaanguka. Nasimiyu akatuamulia akicheka: kwao ndivyo mtu mzima anavyosalimiwa. Niliona aibu, nikamwomba msamaha, akanitengenezea nyingine yenye nyanya nyingi. Kila mtu ana namna yake ya kuheshimu, nikawaza, isipokuwa mkwe wangu.

Nikaimaliza, nikapangusa mikono, nikamwambia Nasimiyu anirudishe Kitale.

Akadhani natania. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa kungoja kuambiwa hapana mlangoni. Nimetembezwa, nimekula, nimeshukuru. Yeye atampelekea Njeri njahi na leso, amwambie zimetoka kwa mama yake. 

Nasimiyu akatoa ufunguo wa gari mfukoni. "Mama," akasema, "nimekatazwa kusema. Lakini twende ukamwone Njeri kwanza. Ukishamwona, na bado unataka kurudi, mimi mwenyewe nitakurudisha."

Nikakubali, dakika tano tu, na sitakaa chini.

Kanduyi tena

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika. Nyumba ya Njeri ni ya vyumba vitatu, ina baraza mbele na ua wa michongoma. Kitu cha kwanza nilichokiona langoni ni pikipiki ya Wafula, na juu yake godoro limekunjwa na kufungwa. Wafula mwenyewe akatoka ndani na sanduku, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba, na rundo la madaftari ya wanafunzi kwapani. Njeri alisimama barazani, tumbo mbele, ameshika mgongo.

Jamani, nilishuka kabla gari halijasimama. Goti lile lile likapona. Sikukumbuka mkono, sikukumbuka hatua ishirini.

"Wafula!" nikasema. "Unamwacha mtoto wangu akiwa hivi?"

Akageuka kutazama ua wa michongoma. Viatu vikagongana kifuani. Alikuwa anatoka jasho, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole mno.

"Simwachi, Mama. Nawapisha."

Njeri akaanza kucheka, halafu akaanza kulia, kama wanavyofanya wenye mimba. Akanieleza huku nimesimama vile vile. Kwamba kwao, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawashikani, hawali pamoja, hawakaribiani, si mkono peke yake kama nilivyodhani. Kwamba kama ningekuja kwa siku moja ningekaa barazani nirudi, lakini Wafula alimwuliza mkewe anataka nini, naye akasema anataka mama yake. Wafula akawaendea wazee wake, wakamwambia basi, mmoja wenu lazima alale kwingine, na mgeni hatolewi nje. Akaomba chumba kwa mwalimu mwenzake ng'ambo ya barabara. Siku ile alikuwa anahamisha vitu vyake na kunisogezea kitanda kikubwa karibu na dirisha, kwa sababu Njeri alimwambia silali bila hewa.

Nikamuuliza Njeri kwa nini hakuniambia mapema.

"Ungekuja?" akasema. "Wewe? Ungesema huwezi kumtoa mtu kwake."

Ni kweli. Ningesema hivyo, na ningebaki Kitale. Usilolijua litakusumbua, na mimi lilinisumbua kutoka Ndalu hadi mpakani nikiwa natembezwa na kulishwa kuku. Niliona aibu hadi miguuni. Nilitaka kumwomba Wafula msamaha, nikapiga hatua moja, nikakumbuka, nikasimama pale pale. Nikamgeuzia mgongo. Nikasema nikitazama gari la Nasimiyu, "Mwanangu, Mungu akubariki." Nyuma yangu nikasikia akisema amina, kisha pikipiki ikawaka.

Nasimiyu aliniuliza kama bado nataka kurudishwa Kitale. Nikamwambia aache upuzi, alete begi.

Kurudi

Ndiyo maana nilienda kwa siku ambazo hamkujua idadi yake, nikakaa wiki saba. Kila asubuhi Wafula alikuja langoni akapiga hodi akiwa barabarani. Mimi nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, yeye akaingia kumwona mkewe, akanywa chai niliyomwachia mezani. Akitoka, ananishukuru kupitia ukuta. Tuliongea sana kupitia ukuta ule. Najua sasa habari za wanafunzi wake wote watundu, naye anajua habari zenu, samahani.

Mtoto alizaliwa salama hospitalini, msichana. Nilimpokea kwa mikono yangu kama nilivyoapa, nikamwogesha maji ya kwanza ya nyumbani, nikamfunga leso. Siku ile tuliporudi naye, Njeri alilala kwa uchovu mara tu alipogusa kitanda, na Nasimiyu alikuwa bado sokoni. Wafula akapiga hodi. Hospitalini alikuwa amemwona mwanawe mikononi mwa muuguzi tu, na sasa alisimama langoni, hathubutu kuingia kwa sababu mimi nilikuwa barazani na mtoto nikiwa naye mimi.

Tulikaa hivyo kidogo, yeye kule, mimi huku. Hapakuwa na mtu wa kumpitishia.

Basi nikatandika mkeka barazani, nikaweka mto, nikamlaza mtoto juu yake taratibu. Nikarudi nyuma hatua nne hadi kwenye kona ya nyumba, nikageuza uso wangu ukutani. Nikasikia viatu vikivuliwa. Nikasikia magoti yakigusa saruji. Halafu nikasikia mtu mzima akivuta kamasi.

"Mama," akasema. "Sijawahi kushika mtoto mchanga."

"Anza na shingo," nikauambia ukuta. "Weka mkono chini ya shingo."